Mikono Iliyo Nyuma ya Picha

Watu wengi hudhani ya kuwa mwalimu aliyekwisha kupita miaka arobaini hapendi kitu ila chaki na kitabu cha mahudhurio. Mimi nakiri mbele yenu, wanafunzi, kwamba napenda katuni. Nasema zile picha zilizochorwa kwa mkono, ambazo huenda, huruka na kuimba kana kwamba zina roho. Nimezipenda tangu utoto wangu, na hata leo nikisikia sauti yake katika nyumba ya jirani, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Wako wanaonicheka, nami siwakatazi. Kuzipenda si aibu. Lakini liko jambo moja lililotokea kwa sababu yake ambalo naliona haya mpaka leo, na hilo ndilo nitakalowasimulia kwanza.

Nililelewa Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama. Mamboya ni mahali pa kale pa misioni. Wamisionari wa C.M.S. walikuja kukaa huko karibu na mwaka 1880. Milima yetu ni mirefu, na jua likikwisha kujificha nyuma yake, giza huingia upesi. Siku zile hatukuwa na umeme. Taa yetu ilikuwa kibatari kimoja cha bati, chenye utambi wa pamba na moshi mwingi.

Tulipokwisha kula, Bibi alikuwa akiketi karibu na kibatari, akainua mikono yake miwili, akakunja vidole hivi na hivi, na mara juu ya ukuta wa udongo akatokea sungura. Bibi akitikisa kidole kimoja, sungura alitikisa sikio. Kisha mikono ikageuka, na tazama, ni fisi! Mdomo wake ulifunguka, ukafumba, na sauti nzito ya ulafi ikatoka kinywani mwa Bibi. Sisi wajukuu tulipiga kelele kwa furaha na hofu. Twajua hakika ya kuwa ile ni mikono ya Bibi, mikono iliyotwanga unga wa chakula chetu jioni ile ile, lakini macho yetu yalimwona fisi.

Hata mwaka 1992, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mjomba wangu alikwenda Kilosa kuuza mahindi, akanichukua pamoja naye juu ya lori ili nimlindie magunia. Bibi akanipa chupa tupu, na fedha kidogo alizozifunga katika ncha ya kitambaa. Akaniambia, "Mume wangu, usisahau. Ninunulie mafuta ya taa chupa moja, na chumvi." Aliniita mume wake kwa utani, kama ilivyo desturi ya bibi na wajukuu.

Tulipofika Kilosa mjomba akaenda kushindana na wanunuzi, akanipa ruhusa nikanunue mafuta. Njiani nikasikia kishindo cha injini, na nyuma ya kishindo hicho sauti za vinanda na vicheko vya watu. Palikuwa na banda la mabati, na mlangoni kijana mmoja akipokea viingilio. Nikachungulia. Ndani palikuwa na giza, na mbele kabisa televisheni ndogo iliyofungwa na deki ya mikanda. Katika ile televisheni paka wa rangi ya kijivu alikuwa akimfukuza panya.

Nilisimama pale kitambo, fedha ya mafuta mkononi. Nilijua vema fedha ile ni ya nani. Amri ya Mungu isemayo usiibe nilikuwa naijua kwa moyo, tena nilipata kuisoma mbele ya darasa zima nikasifiwa. Lakini miguu haikuuliza moyo. Nikafungua ncha ya kitambaa, nikalipa, nikaingia.

Siwezi kuwaeleza furaha ya saa ile. Paka alibamizwa na mlango akawa mwembamba kama karatasi, kisha akajipuliza akawa paka tena. Panya alikimbia, na vinanda vikakimbia pamoja naye. Paka alinyata, na vinanda vikanyata. Hapakuwa na neno nililolihitaji ili nifahamu. Nikasahau njaa, nikasahau mjomba, nikasahau chupa iliyokuwa katikati ya magoti yangu. Tulipotoka nje jua lilikuwa limeinama, na fedha iliyobaki ilitosha chumvi peke yake.

Tulipofika nyumbani Bibi akaitazama chupa tupu. Nikasema, "Fedha nyingine ilipotea, Bibi." Hakusema neno. Usiku ule tulikula kwa mwanga wa moto, na moto ulipokwisha tukalala gizani. Katikati ya usiku mdogo wangu akalia kwa homa. Bibi akaondoka kwa haraka amwendee, asione njia, akajikwaa katika figa. Nikausikia mguu wake ukigonga jiwe, nikamsikia akivuta pumzi kwa maumivu. Ukucha wa kidole kikubwa uling'oka. Nami nilikuwa nimelala pale, macho yangu wazi, nikijua sababu.

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote palepale gizani, huku nikilia. Bibi akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Kumbe mafuta ya taa umeyanywa kwa macho." Akafunga kidole chake kwa kitambaa, akaketi, akasema tena, "Haya, nionyeshe basi ulichokinunua."

Basi nikamsimulia habari za paka na panya tangu mwanzo hata mwisho. Nilipofika mahali pa mlango Bibi akacheka, akasahau kidole. Kisha akauliza, "Na mikono ilikuwa ya nani?"

Nikajibu, "Haikuwapo mikono, Bibi. Ni picha tu."

Akasema, "Hakuna kivuli pasipo mkono. Siku nyingine utazame mkono."

Asubuhi mjomba akasikia habari, na kwetu Wakaguru mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Nikalima shamba lake muda wa juma zima mpaka fedha ya mafuta ikarudi. Adhabu ile ilikuwa ya haki, nami nimeisahau zamani. Nisichokisahau ni Bibi akichechemea kwenda kisimani siku zile zote, wala hakuwaambia jirani zake sababu. Na lile swali lake pia sikulisahau. Lilinifuata mpaka chuo cha ualimu, na kwa sababu yake nikaanza kutafuta katika vitabu mikono ile ilikuwa ya nani.

Nikapata kujua ya kwamba paka na panya wale waitwa Tom na Jerry, na ya kuwa waliobuniwa na watu wawili wa Marekani, William Hanna na Joseph Barbera, katika mwaka 1940. Mtungaji wa muziki uliokimbia na kunyata aliitwa Scott Bradley. Tena nyuma yao walikuwako wachoraji wengi na wapakaji wa rangi, ambao watazamaji hawakuwajua.

Nikajua pia kazi yenyewe ilivyo. Jicho la mwanadamu haliachi mara moja picha lililoiona. Ikija ya pili upesi, akili huziunganisha zote mbili ikadhani kitu kimesogea. Katika sinema picha 24 hupita mbele ya macho kwa sekunde moja. Wachoraji wa katuni mara nyingi huonyesha kila mchoro mara mbili, hivyo michoro 12 yatosha kwa sekunde. Fanyeni hesabu wenyewe. Dakika moja yataka michoro 720. Mchezo wa dakika saba wataka michoro 5,040, nao mtazamaji huumaliza kabla uji haujapoa. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimedhani kuwa nimenunua mchezo. Kumbe nilinunua jasho la watu.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya mwanamke mmoja wa Ujerumani, Lotte Reiniger. Huyu alikata watu na wanyama kwa mkasi katika karatasi ngumu nyeusi na mabati membamba ya risasi, akaunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake. Akausogeza mkono wa kivuli kidogo sana, akapiga picha; akausogeza tena kidogo, akapiga picha. Yeye na wasaidizi wake walifanya hivyo kwa muda wa miaka mitatu, tangu 1923 hata 1926, wakatoa sinema ya zaidi ya saa moja, yenye kusimulia habari za mwana wa mfalme na farasi arukaye. Hadithi yenyewe ilitoka katika Alfu Lela Ulela, ambayo sisi nasi tumeisoma kwa Kiswahili. Niliposoma hayo nilitamani Bibi angalikuwa hai nimwambie, "Bibi, yuko mwenzako. Naye alifanya vivuli."

Basi tangu hapo nimezoea kuuliza swali la Bibi kila niangaliapo mchezo, nisikiapo wimbo au nisomapo habari. Nitawaonyesha mifano michache, ili nanyi mjaribu.

Tuanze na muziki. Mwaka 1928 ni mwaka wa kukumbukwa. Mwaka huo kule New York watu waliona kwa mara ya kwanza katuni ya panya Mickey Mouse akipiga mluzi juu ya meli, na sauti ililingana na mwendo wake hata watu wakastaajabu. Mwaka uo huo Siti binti Saad wa Unguja alisafiri pamoja na wapigaji wenzake kwenda Bombay, na huko nyimbo zake za Kiswahili zikatiwa katika sahani za santuri. Siti alizaliwa Fumba katika nyumba ya watu maskini, na katika ujana wake aliuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Sahani zake zilipokuja kuuzwa, watu wa pwani na wa bara walimsikia mtu wa kwao akiimba kwa lugha yao kutoka katika sanduku. Sauti ilikuwa yake, na maneno yalikuwa ya watu wake. Mashine ilikuwa ya kampuni ya kigeni. Hapo mwaona ya kuwa mikono yaweza kuwa mingi katika kitu kimoja, nasi yatupasa kuipambanua.

Katika mkoa wetu wa Morogoro nao palikuwa na mabwana wa muziki. Salum Abdallah aliongoza bendi ya Cuban Marimba mpaka alipofariki kwa ajali ya gari katika mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alipiga gita katika Morogoro Jazz, kisha akaanzisha Super Volcano; naye akafa kwa ajali ya gari nchini Kenya katika mwaka 1979. Mimi sikumwona, kwa maana wakati ule nilikuwa sijazaliwa. Lakini mjomba alipowasha redio, na taarifa ya habari ikiisha, gita lile lilipoanza alikuwa akiacha jembe analolitia mpini na kusikiliza vidole. Alikuwa akisema, "Msikilizeni Mbaraka anavyotembea juu ya nyuzi." Hakusema redio yaimba, alisema Mbaraka. Mjomba hakupata elimu nyingi, lakini alijua kuutazama mkono.

Sasa tuje kwa sinema katika nchi yetu. Tangu mwaka 1935 hata mwaka 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Baraza la Kimataifa la Misioni lilifanya jaribio la kuwatengenezea Waafrika sinema za mafunzo, kwa fedha iliyotolewa na shirika la Carnegie la Marekani. Msimamizi wa kutengeneza picha alikuwa Meja Notcutt. Hizo hazikuwa katuni. Walicheza watu hasa, na wengi wao ni wenyeji. Zilifundisha mambo kama kuweka akiba katika Benki ya Posta na kujihadhari na safura. Sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri mbali na picha, ili mahali penye lugha nyingine ibadilishwe sahani tu. Kisha vyombo vyote vikapakiwa katika lori, vikazungushwa Tanganyika na nchi za jirani, na watu wakakusanyika usiku uwanjani kutazama.

Mimi siwadharau watu wa Vugiri. Kuepuka safura ni jambo jema, na kuweka akiba ni jambo jema. Mtoto aliyekula mafuta ya bibi yake angefaidika sana na sinema ya akiba. Lakini tukiuliza swali la Bibi, twaona hivi: uso katika picha ulikuwa wa Mwafrika, bali mkono uliochagua hadithi ulikuwa wa mgeni. Mgeni alikuwa ameamua tayari mwenyeji anahitaji kujua nini. Mwenyeji hakuulizwa angependa kuwasimulia wengine nini.

Miaka mingi ikapita. Unguja walipata televisheni katika mwaka 1973, lakini sisi wa bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Mwaka uo huo kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa katuni ya mwana wa simba, nayo ikaenea ulimwengu mzima. Mtoto wa simba akaitwa Simba, nyani akaitwa Rafiki, na ngiri akaitwa Pumbaa. Watoto wa nchi za mbali wakajifunza kusema "hakuna matata", ingawa sisi huku kwetu tungesema "hakuna shida" au "hapana neno". Mimi niliipenda sana katuni ile, na machozi yalinitoka baba yake Simba alipokufa. Lakini yalikuwa maneno yetu na mbuga kama zetu, na mikono ya wengine.

Kwa ajili ya maneno hayo mawili ikatokea habari iliyowafadhaisha watu. Kampuni ile iliomba huko Marekani kuyaandikisha yawe alama yake ya biashara kwa mavazi, ikapewa katika mwaka 2003. Wengi hawakujua mpaka mwaka 2018, ndipo watu zaidi ya laki moja wakatia majina yao katika ombi la kuipinga. Nakumbuka mtu mmoja aliniambia kwa ghadhabu, "Mwalimu, siku hizi ukisema hakuna matata utashtakiwa!" Haikuwa hivyo. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema. Yahusu kuuza bidhaa zenye alama ile, tena katika nchi ile iliyoiandikisha. Hata hivyo wale waliokasirika hawakukosa sababu, kwa kuwa maneno yale yalikuwa ya watu wote kabla hayajawa ya kampuni yo yote. Basi hapa palikuwa na mikono miwili ya kutazamwa: mkono ulioandikisha maneno, na mkono ulioichukua habari na kuiongeza chumvi njiani. Hapo kale wazee wetu walisoma gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, nalo lilitoka mara moja kwa mwezi. Walipata muda wa kuitafuna habari kabla haijaja nyingine. Siku hizi habari huja kwa simu kila dakika, nasi twaimeza nzima. Kabla hamjamwambia jirani, ulizeni kwanza: mkono huu ni wa nani?

Msidhani ya kuwa mikono yetu imelala. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini ya nchi yetu, pande za Tunduru, katika mwaka 1932. Akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwisho wa miaka ya 1960 akaanza kuchora ndege na wanyama juu ya mbao nyembamba, kwa rangi za mafuta zilizokuwa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa kijana bado, lakini wanafunzi wake waliendelea, na jina lake likawa jina la uchoraji wenyewe. Katika mwaka 2010 ikatoka katuni ya hadithi za wanyama iliyofuata mtindo wake, na ikachorwa Nairobi. Wenye kuiagiza walikuwa Uingereza, lakini mikono mingi iliyoichora ilikuwa ya vijana wa Afrika Mashariki. Na tangu mwaka 2014 kumekuwako Dar es Salaam watu wa Ubongo, ambao huwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Wametengeneza pia katuni ya Akili, binti mdogo wa miaka minne akaaye karibu na Mlima Kilimanjaro. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikasema, "Bibi, huyu mkono wake naujua. Ni wa kwetu."

Sasa yabaki neno moja, nalo ndilo gumu kwangu, kwa kuwa mwenye kosa ni mimi tena.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha hesabu darasa la sita. Palikuwa na mtoto mmoja mnyamavu, dhaifu katika hesabu, ambaye kila mara nilimkuta ameinama juu ya daftari lake. Siku moja nikamwendea kwa nyuma, nikaona ya kuwa pembe ya kila karatasi ina kijimchoro cha fisi. Nikakasirika. Nikasema mbele ya darasa lote, "Baba yako amenunua daftari hili kwa ajili ya hesabu, nawe wachora upuuzi! Chana pembe hizo zote." Mtoto hakujibu. Akaanza kuchana kwa taratibu, pembe moja baada ya moja, akaziweka juu ya dawati kwa mpango wake. Alipokwisha kuchana sita au saba machozi yakamdondoka, nami nikamnyang'anya daftari nimalize mwenyewe.

Nilipolishika kwa haraka, karatasi zikateleza chini ya kidole changu gumba. Fisi akatembea.

Alitembea kwelikweli. Aliinua mguu, akanusa, akageuza shingo, akaanza kukimbia; lakini mahali zilipokuwa zile pembe zilizochanwa aliruka ghafula, akawa kama anayechechemea, kisha akaendelea. Nikateleza karatasi mara ya pili, na mara ya tatu. Kila alipofika mahali pale alichechemea. Nikamkumbuka Bibi na kidole chake.

Darasa lilinyamaza likingoja fimbo. Nikamwuliza yule mtoto, "Ni nani aliyekufundisha kazi hii?" Akasema, "Hapana mtu, Mwalimu. Nilichora mmoja, kisha nikataka ajongee." Nikamwomba msamaha mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao. Si desturi ya walimu kufanya hivyo, na ulimi wangu ulikuwa mzito. Lakini kosa lililofanywa hadharani halifutwi faraghani. Kisha nikaandika ubaoni: daftari lina karatasi 48, ikiwa kila karatasi ina mchoro mmoja, na michoro 12 ni sekunde moja, fisi atatembea sekunde ngapi? Yule mtoto dhaifu wa hesabu aliinua mkono kabla ya wote. "Nne, Mwalimu," akasema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini sasa ni chache kuliko nne."

Hesabu ile aliipata sawasawa, na nyongeza yake nayo ilikuwa sawa.

Jioni nilinunua madaftari mawili kwa fedha yangu. Moja nilimpa kwa hesabu, na la pili kwa fisi, nikamwagiza asiyachanganye. Maana mwenye kupenda jambo jema sharti alitafutie mahali pake, asiibe mahali pa lingine. Hayo nilijifunza kwa chupa tupu. Zile pembe sita au saba tulijaribu kuzigandisha kwa ubwabwa, lakini hazikukaa vema. Daftari lile la kwanza aliniachia alipomaliza shule, nami ninalo hata leo. Fisi angali achechemea.

Basi, wanafunzi, tazameni katuni na kuzifurahia, kazi zenu zikiwa zimekwisha na fedha ya mtu haimo mkononi mwenu. Imbeni nyimbo, someni habari. Bali kila mara ulizeni kama alivyouliza bibi mmoja wa Mamboya, aliyekuwa ameketi gizani na mguu wake unauma: "Na mikono ilikuwa ya nani?" Mkiona ya kuwa ni ya wengine, ishukuruni kwa kazi yake njema na kuipima kwa akili. Kisha itazameni mikono yenu wenyewe, iliyokaa juu ya kitabu hiki, na mjiulize imefanya nini.